Mkuu, usipande basi kwenda Dar kwa bei ya "kuanzia"

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumamosi unampeleka mama watoto na watoto watatu Dar kuangalia sinema, umetenga elfu hamsini ya tiketi kwa kuwa umeona tangazo la "kuanzia elfu nane", na unauliza basi gani zuri, gesti ipi ya bei nafuu, na mkae viti vya mbele au vya nyuma. Viti viache kwanza. Hiyo elfu hamsini haitoshi. Desemba iliyopita nilitoka hapa Tanga na hesabu hiyo hiyo, watu watano kama nyie.

Hilo neno "kuanzia" ndilo lililonimaliza. Elfu nane ilikuwa bei ya asubuhi, katikati ya wiki, picha ya kawaida. Mimi nimefika Jumamosi jioni, na picha waliyoitaka watoto ni ya 3D, ile ya kutazama kwa miwani maalumu. Dada wa dirishani akasema elfu kumi na tano kila kichwa. Nikamwambia huyu mdogo ana miaka minne, atapakatwa na mama yake. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kuanzia miaka mitatu analipa kama mkubwa. Sabini na tano elfu. Nikatoa. Ndipo akauliza, "Na miwani mnayo?" Miwani inauzwa kando, elfu tatu moja. Tisini elfu, na hata mlango wa ukumbi sijauona.

Utasema ningegeuza. Ungeweza wewe? Umewatoa watoto zaidi ya kilomita 300, tangu Segera wanauliza kama tumefika, wamevaa nguo za Idi. Baba aliyefika dirishani na watoto harudi nyuma, na wanaopanga zile bei wanalijua hilo.

Mlangoni wakafungua mkoba. Mke wangu aliamka alfajiri kukaanga visheti, na alikuwa na machungwa ya Muheza ameshayamenya, yamepangwa vizuri kwenye kopo. Mlinzi akayatoa yote akayaweka mezani: chakula cha nje hakiingii. Ndani harufu ya bisi imejaa kila kona. Bisi ndogo elfu saba, soda elfu nne. Watoto watatu, elfu thelathini na tatu nyingine. Jumla laki moja na ishirini na tatu, na mimi na mama yao hatujanywa hata maji.

Yule mdogo ile miwani ilikuwa ya mtu mzima. Kila akiinama inadondoka. Mama yake akaishika kwa mkono kwenye pua ya mtoto, picha haijafika nusu mtoto kalala, na mkono bado uko pale pale. Ile sura sijaisahau.

Sisemi wenye kumbi wote ni wezi. Mwenye picha huchukua sehemu kubwa ya tiketi, hasa wiki za mwanzo, kwa hiyo ukumbi unajitafutia riziki kwenye bisi na soda. Nalielewa. Lakini kama ndivyo, andika kwenye tangazo bei ya Jumamosi jioni pamoja na miwani! Bei ambayo baba mwenye watoto wa shule hawezi kuipata siku yoyote anayoweza kusafiri ni chambo tu.

Na shemeji yangu wa Dar ndiye aliyeniuma zaidi. "Njoo shem, huku sinema rahisi, elfu hamsini mnaburudika na chenji inabaki." Baadaye namuuliza mara ya mwisho aliingia lini, ananiambia hajawahi kuingia, alisikia kazini. Sasa mtu unamshauri mwenzako asafirishe familia kwa kitu ulichosikia?

Baba yangu alikuwa akitoka Ngamiani kwa miguu kwenda sinema ya Majestic, hapa hapa mjini Tanga, na kurudi usiku kwa miguu vile vile. Leo mtoto wa Tanga akitaka kioo kikubwa, nauli peke yake ni mzigo. Ndiyo maana shilingi isipotee kizembe dirishani.

Kwa hiyo fanya hivi: usiulize bei ya tiketi. Piga simu ukumbini, taja siku, saa, jina la picha na umri wa kila mtoto, kisha uliza, "Vichwa vitano, pamoja na miwani, natoa shilingi ngapi mpaka nakaa kwenye kiti?" Akianza tena na "kuanzia", mkatize, rudia swali. Uliza na Jumapili asubuhi ni ngapi, uliza kama picha hiyo hiyo ipo isiyo ya 3D.

Umesema mnaondoka Ijumaa, leo Jumanne. Piga kesho, uandike jumla kwenye karatasi mke wako aione, halafu rudi hapa uniambie wamekutajia ngapi.