Jibu: Nasoma kila asubuhi lakini moyo uko vilevile

Ndugu, umesema unasoma sura tatu za Biblia kila asubuhi, lakini ukifunga kitabu hukumbuki kitu wala furaha huioni. Pole, nami nimepita hapo hapo. Nilikuwa nakimbizana na ratiba ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka. Nikikosa siku mbili, najiona mdeni.

Kilichonisaidia ni kupunguza. Guigo wa Pili, mtawa wa karne ya 12, alieleza usomaji wa kiroho kama ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia tu mbele za Mungu. Wengi wetu tunaishia kipago cha kwanza, halafu tunashangaa mbona hatujafika juu.

Anza na Zaburi ya 117. Ina mistari miwili tu! Isome kwa sauti, polepole, mara tatu. Neno likikunasa, simama hapo hapo, usiendelee.

Juzi lilininasa neno "fadhili". Nikaliandika kwenye kikaratasi, nikatia mfukoni, nikasahau. Mchana natafuta kalamu, nikakutana nalo, na hapo mwenzangu niliyemnunia tangu asubuhi alikuwa ametoka kuniachia kiti chake. Nilicheka peke yangu. Hata sababu ya kumnunia sikuikumbuka.

Siku kavu zitakuwepo. Siku hizo soma mstari mmoja, uendelee na kazi zako. Na simu iache chumba kingine. Mimi ndiyo ilikuwa inaniibia kuliko hata usingizi.