Siku ya 18 na kware bado hawajatoka: pa kuangalia kwanza

Ujumbe ninaoupata sana kutoka kwa wafugaji wenzangu huwa hivi: "Dada, leo siku ya 18, mayai ya kware kimya, nifanyeje?" Na picha juu yake: mashine ya kutotolesha iko wazi, mfuniko umewekwa mezani, mtu ameshika yai mkononi. Jibu langu la kwanza halibadiliki. Funga mashine kwanza, halafu tuongee.

Kware tunaofuga wengi wetu, hawa wa Kijapani, hutotoa siku ya 17 au 18. Wachache hutangulia siku ya 16, na wapo wanaovuta hadi ya 19. Hesabu yenyewe huwachanganya wengi. Mayai uliyoyaweka Jumatatu jioni yanatimiza siku ya 1 Jumanne jioni, kwa hiyo siku ya 17 ni Alhamisi jioni ya wiki ya tatu. Ukiihesabu Jumatatu yenyewe kuwa siku ya 1, utaanza kuhangaika siku nzima kabla ya wakati. Mayai yaliyokaa stoo zaidi ya wiki moja kabla ya kuwekwa nayo hutoka kwa kujikokota, na hutoka machache.

Kama hesabu iko sawa, jiulize: wamechelewa, au wamekwama? Watu huyachanganya haya mawili, kisha wanatibu ugonjwa usiokuwepo. Waliochelewa hawajatoboa hata ganda. Waliokwama wametoboa, unawasikia wakilia, ila saa zinapita hawatoki.

Wakichelewa wote kwa pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni joto dogo. Mashine yenye feni inatakiwa ikae kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8. Ikipungua nusu nyuzi tu kwa wiki mbili, utasubiri siku nzima au zaidi, na wakitoka watakuwa wazito, tumbo limejaa, miguu haina nguvu. Usiiamini namba inayosomeka kwenye kioo cha mashine hizi za bei nafuu. Chukua kipimajoto cha homa cha duka la dawa. Kimetengenezwa kupima joto la mwili wa mtu, na joto hilo liko karibu sana na lile tunalolitaka kwenye mayai. Tia maji ya vuguvugu kwenye kikombe, chovya kipimajoto hicho pamoja na ncha ya kihisio cha mashine, yaani kile kidude kinachopima joto ndani yake (kama ni cha kuchovya), kisha linganisha. Tofauti utakayoiona ndiyo utakayoirekebisha kwenye mashine.

Mashine zisizo na feni zina mtego wake, na kwa kware mtego huo ni mkali zaidi. Humo hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo joto hupimwa usawa wa mgongo wa yai, nalo liwe kama nyuzi 38.5 hadi 39. Sasa, nyingi zimepangwa kwa yai la kuku. Yai la kuku likilala linafika sentimita 4 na kitu, la kware ni 2.5 tu. Kipimajoto kikiachwa pale pale pa kuku, kitasoma joto zuri la juu huku kware wako chini wanapigwa baridi. Kishushe.

Umeme nao. Ukikatika saa chache katikati ya safari, mara nyingi vifaranga hawafi, wanachelewa. Funika mashine kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na umeme ukirudi usipandishe joto eti ufidie. Joto la kuzidi huua haraka kuliko baridi.

Waliokwama ni habari nyingine, na hapo maneno ni unyevu na hewa.

Nilipohama Dar kuja Dodoma, mashine nilikuja nayo ile ile na mayai nilichukua kwa mtu yule yule. Dar wakati wa masika nilikuwa nikiacha sinia la maji karibu tupu mpaka siku ya 14, kwa sababu hewa yenyewe imeshalowa. Dodoma kiangazi, sinia lililojazwa asubuhi unalikuta kavu. Anayekupa ushauri wa "jaza maji mfereji mmoja" bila kukuuliza unaishi wapi, mshukuru tu uendelee na kazi zako. Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55 mpaka siku ya 14, kisha 65 hadi 75 mpaka mwisho. Kipima unyevu kijaribu hivi: weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Kifungie kizibo hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uache usiku kucha. Asubuhi kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 68, ujue kinakuibia 7.

Njia ninayoiamini kuliko kipimo chochote ni mizani. Yai la kware linatakiwa lipoteze kama asilimia 12 ya uzito wake mpaka siku unayoacha kugeuza mayai. Pima mayai kumi kwa pamoja kwenye mizani ndogo ya gramu siku unayoyaweka. Tuseme yana gramu 120. Siku ya 14 au 15 yawe kwenye 105 au 106. Yakiwa 112, maji ni mengi mno ndani na vifaranga watazama humo humo. Yakiwa 100, yamekauka, na ule utando wa ndani ya ganda utawabana.

Siku hiyo ya 14 au 15 ndiyo unaacha kugeuza, unayalaza mayai yagusane, unaongeza maji. Kugusana si urembo. Miaka ya 1960 mtafiti Margaret Vince alionyesha kwamba vifaranga vya kware hupeana ishara kwa milio midogo wakiwa bado ndani ya ganda, na waliochelewa huharakishwa na wenzao. Ndiyo maana sipendi kuchanganya mayai ya tarehe tofauti kwenye trei moja.

Na matundu ya hewa usiyazibe. Naona watu wanayabandika karatasi ya gundi ili "unyevu usitoroke", wakati siku hizo za mwisho ndizo kifaranga anaanza kupumua kwa mapafu. Unyevu ukishuka, ongeza maji kwa bomba la sindano lililounganishwa na mpira wa dripu, uupitishe kwenye tundu bila kufungua mfuniko. Maji yawe ya vuguvugu.

Kusaidia kuvunja ganda? Msimamo wangu ni mkali: hapana, isipokuwa kifaranga ametoboa, zimepita saa 24, na hajasogea popote. Kware aliyetoka leo ana gramu 7 au 8, damu yake ni matone machache. Ukikuta mishipa myekundu kwenye utando, rudisha yai, bado hajamaliza kunyonya damu na kiini. Kama utando umekauka, umekuwa mweupe na mgumu, uloweshe kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, vunja ganda kidogo kidogo kuzunguka upande butu, kisha mwache asukume mwenyewe. Waliokwishatoka usiwakimbilie. Kiini walichokinyonya kinawatosha kwa siku nzima, na kila ukifungua kumtoa mmoja unawakaushia utando wale ambao ndio kwanza wanatoboa.

Ikipita siku ya 20 bila sauti, zima mashine, lakini mayai usiyatupe. Vaa glavu, chukua sahani nyeupe na mkasi mdogo, toka nje (linalonuka liache, linaweza kukupasukia), uyafungue moja moja kuanzia upande butu. Kwa sababu ya yale madoa, tochi ya simu haikuonyeshi mengi kwenye yai la kware. Hapa ndipo unapopata majibu.

Kiini cha njano tupu, hakuna alama yoyote: mara nyingi halikuwa na mbegu. Dume mmoja apate majike watatu au wanne, si wanane. Pete ya damu: alikufa siku za mwanzo, na hapo chunguza joto kali, mayai ya zamani, au mayai yaliyopigwa mitikisiko kwenye basi na kuwekwa bila kupumzishwa usiku mmoja, ncha ikiwa chini. Kifaranga kamili mwenye manyoya, amelowa, kuna majimaji yanayonata: unyevu ulizidi katika zile wiki mbili. Kamili lakini utando umemgandia mwilini: ulipungua, au mashine ilifunguliwa mno. Mdomo uko upande wa ncha badala ya upande butu wenye hewa: alikaa vibaya, angalia kama mayai yalisimamishwa upande butu ukiwa chini au hayakugeuzwa vya kutosha. Kugeuza ni angalau mara tatu kwa siku.

Andika idadi ya kila kundi kwenye daftari. Yai moja halisemi kitu, ila kumi na tano kati ya ishirini yakisema jambo moja, una jibu.

Kama umerekebisha joto, maji na hewa, na bado kila awamu wengi wanafia hatua ya mwisho, hamisha macho kwenye banda. Kware wanaumia upesi kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu, na wengi wetu tulianza na jozi chache kutoka kwa jirani ambaye naye alianza na jozi chache. Chakula kilichopungukiwa vitamini nacho huua vifaranga ndani ya ganda, hata kama mama zao wanataga vizuri. Tafuta madume kutoka wilaya nyingine, wape majike chakula cha wazazi (cha ndege wanaotaga mayai ya kutotolesha) badala ya kile cha kutagia tu, kisha subiri wiki tatu hivi kabla ya kukusanya mayai ya kuweka tena kwenye mashine.