Juzuu ya Tatu Ilikuwepo Siku Zote

Juzi nimepokea ujumbe wa maneno mawili: "Nimeipata. Asante." Nimeusoma mara nne.

Aliyeuandika ni msomaji niliyemwangusha miaka miwili iliyopita. Alikuwa akitafuta juzuu ya tatu ya kitabu cha historia chenye juzuu tano. Nikapekua katalogi yetu, nikapitia Google Books harakaharaka, nikamjibu haipo. Nilisema bila hata kukohoa, maana nimesomea ukutubi mimi! Kumbe juzuu mbili za mwanzo zilikuwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, na ya tatu ilikuwa kwenye ile ya HathiTrust, imeandikwa jina la kitabu tu bila namba ya juzuu, na jina la mwandishi lina herufi iliyokosewa. HathiTrust peke yake ina juzuu zaidi ya milioni 17. Ukikosea herufi humo, umepotea.

Nilipoigundua, nikaanza kuingiza viungo vya namna hiyo kwenye katalogi. Mkuu wangu wa wakati huo akaniuliza mbele ya wenzangu kwa nini naorodhesha vitabu visivyo vyetu. Sikumjibu. Mpaka leo jibu linanikaa kooni: msomaji hajali kitabu ni cha nani, anataka kukisoma.

Basi wakutubi wenzangu, tuache uvivu. Ukipata nakala ya mtandaoni, weka kiungo chake kwenye uga wa 856, ule wa viungo, katika rekodi ya MARC (muundo wa kompyuta wa rekodi za katalogi), na kwenye $3, kisehemu cha uga huo, taja ni juzuu ipi. Hapo kwenye $3 ndipo wengi tunaporuka, halafu msomaji anafungua viungo vitano akibahatisha. Tumia anwani ya kudumu, si ile ndefu iliyobaki juu baada ya kutafuta. Andika jina la mwandishi kwa tahajia zote ulizokutana nazo. Na usijifungie na katalogi yako: The Online Books Page, orodha ya vitabu vinavyosomeka bure mtandaoni ambayo John Mark Ockerbloom aliianzisha mwaka 1993, hupokea mapendekezo ya vitabu vya kuorodheshwa. Dakika chache tu. Nimesema taja juzuu? Narudia: taja juzuu.

Msomaji wangu sasa anaulizia ya nne. Naitafuta. Ya tano ninayo, ila aliyeiskani aliacha kidole chake katikati ya ramani.