Jibu: Filamu ya familia enzi za ukomunisti

Mkuu, umeuliza kama ipo filamu ya maisha ya familia chini ya ukomunisti inayochekesha na kuumiza moyo bila kugeuka hotuba ya siasa. Tafuta Pelíšky, ya Kicheki, ya mwaka 1999, mwongozaji Jan Hřebejk.

Familia mbili zinaishi nyumba moja jijini Prague, kuanzia Krismasi ya 1967 hadi Agosti 1968. Mzee Šebek ni ofisa wa jeshi, mkomunisti wa kufa na kupona. Jirani yake, mzee Kraus, hataki hata kuwasikia wakomunisti. Kila mara anawapa mwaka mmoja tu wa kutawala, ikizidi sana miwili.

Angalia kwa makini kipande cha vijiko vya plastiki. Šebek anavileta nyumbani kwa fahari, bidhaa ya Ujerumani Mashariki. Vinatiwa kwenye kahawa ya moto, vinalegea. Naye anajiuliza kwa dhati kabisa makomredi wale wamekosea wapi! Utacheka, kisha utamhurumia, kwa sababu baba huyu anaamini kweli, na ni mbele ya mkewe na watoto imani hiyo inapoumbuka.

Mapenzi ya vijana yamo pia, na yanaendana vizuri na hadithi. Ila ukumbuke tarehe 21 Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw, yaani muungano wa kijeshi wa nchi za kikomunisti ulioongozwa na Umoja wa Kisovyeti, yaliivamia Chekoslovakia. Ukiijua tarehe hiyo mapema, ule ubishi wote wa mezani utakuchoma zaidi.