Magunia 24 kutoka Kapchorwa: piga hesabu kabla ya kufunga trela

Msomaji ameniuliza kama pikapu yake, iliyoandikiwa kuvuta kilo 2,500, inaweza kuteremsha magunia 24 ya mahindi kutoka Kapchorwa hadi Mbale, mashariki mwa Uganda: 6 nyuma ya gari, 18 kwenye trela. Gunia kilo 100, trela tupu kilo 700. Anasema 1,800 na 700 ni 2,500 kamili, basi yuko salama.

Hayuko. Hiyo 2,500 ndiyo namba ambayo wauza magari hupenda kuitaja. Kitabu cha gari kina nyingine mbili: uzito wa juu wa pikapu ikiwa na mzigo, tuseme 3,000, na uzito wa juu wa pikapu na trela kwa pamoja, tuseme 5,000. Sasa jumlisha. Pikapu tupu 2,000, watu watatu 210, dizeli 70, magunia sita 600: tayari 2,880. Weka trela ya 2,500, unafika 5,380. Umezidisha kilo 380. Tena shingo ya trela, yaani chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, huilalia pikapu kwa karibu asilimia 10 ya uzito wa trela, yaani kilo 250, kwa hiyo magurudumu ya pikapu yanabeba 3,130.

Pakia 4 nyuma na 16 kwenye trela. Jumla 4,980, pikapu pamoja na mzigo wa shingo 2,910. Magunia 20, usiongeze hata moja la jirani.

Lakini chungulia kwanza chini ya trela. Nyingi zinazochomelewa mitaani kwa ekseli ya gari kuukuu hazina breki. Pikapu nyingi zinaruhusiwa trela isiyo na breki ya kilo 750 tu, mzigo ukiwemo. Kwa trela ya 700, hapo ni nusu gunia!

Uzito wa shingo upime kwa mizani ya ghala la nafaka, trela ikiwa imesimama sawa, haikuinama. Ukiwa mdogo mno, mkia utayumba ukishika kasi. Sogeza magunia mbele ya ekseli. Ukiwa mkubwa mno, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika miti. Trela ikianza kuyumba, achia mafuta taratibu na ushike usukani ukiwa umenyooka. Ukikanyaga breki kwa nguvu, au ukigeuza usukani kuifuata, inaweza kukupindua.

Kwenye mteremko, ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Anayeshuka kwa breki peke yake huzichemsha: kwanza harufu ya kuungua, halafu pedali inazama mpaka sakafuni. Ukisikia harufu, simama pembeni, weka mawe chini ya magurudumu ya gari na ya trela, usubiri zipoe. Usimwagie maji, diski yenye moto hupinda au kupasuka.