Moshi ya kwenye orodha ya askari si Moshi ya Kilimanjaro

Mkuu, usipande hilo basi la Kilimanjaro. Hizo laki sita mlizochangishana rudisheni kwa wenyewe kabla hazijaanza kumegwa.

Umeandika kwamba umelikuta jina la babu mzaa babu yako, Adama Moshi, kwenye orodha ya askari wa Gold Coast Regiment (kikosi cha Mwingereza kutoka Ghana ya leo) waliokufa huku Tanganyika katika Vita ya Kwanza, na kwamba wiki ijayo mnakwenda Kilimanjaro kuutafuta ukoo wake. Nilipofika hapo nilisukuma chai pembeni. Nilifanya hivyohivyo mwaka 2009, tena nilikwenda na bibi yangu wa miaka tisini na kitu.

Moshi hiyo si mji. Ni watu. Ni Wamosi wa Ouagadougou na vijiji vyake, nchi ambayo leo ni Burkina Faso. Enzi hizo Mfaransa ndiye aliyeitawala, na vijana wengi walivuka kwenda kusini, Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, kwa biashara na vibarua, na kukwepa kodi na kazi za lazima. Baadhi yao wakaingia jeshi la Mwingereza. Kijana akiulizwa jina anasema Adama, au Musa. La pili aliandikiwa kwa kabila lake: Moshi, Grunshi, Dagomba, Frafra. Wa Nigeria waliandikiwa hata mji, ndiyo maana utawakuta akina Kano na akina Ibadan. Kwa hiyo akina Moshi mia kwenye orodha si ukoo mmoja, na ndugu zao waliobaki nyumbani hawakuwahi kuitwa Moshi.

Mimi hayo sikuyajua. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kilwa mwishoni mwa 1917, na alichoachiwa na mama yake kilikuwa kidogo mno: baba yako aliitwa Musa Moshi, askari wa Mwingereza, aliuawa Narungombe, hukuhuku Lindi, wewe ukiwa tumboni. Nikaikuta orodha, jina limo, tarehe inalingana. Nikamtafuta mtu mtandaoni aliyejitangaza kuwa mtafiti wa koo. Nikamlipa laki nne. Akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba Gold Coast lilikuwa jina la kikosi tu, askari waliokotwa hukuhuku, huyo ni Mchagga wa Old Moshi. Hakufungua hata ukurasa mmoja. Alisoma neno Moshi akaenda na ramani ya Tanzania kichwani, akala hela ya watu. Mtu wa namna hiyo anamnyang'anya marehemu kwao, na bado sijamsamehe.

Tulisafiri kutoka Kilwa mpaka Moshi. Tulipokewa vizuri sana, kuna familia iliyokuwa na mzee wao aliyepotea vitani, wakaona ndiye. Mbuzi akachinjwa. Bibi akaonyeshwa mahali akaambiwa hapa ndipo kwa baba yako, akachota udongo akaufunga kwenye kona ya khanga. Alifariki 2011, na udongo ule tulizika naye.

Mwaka uliofuata nilimwandikia Mghana mmoja anayefuatilia habari za askari hawa. Jibu lake lilikuwa swali: namba yake ya jeshi ni ngapi? Namba ilikuwepo siku zote! Ilikaa palepale kwenye orodha, pembeni ya jina, na niliiruka nilipokuwa nanakili kwa sababu niliona ni mambo ya ofisi. Kwa namba ile alinionyesha mtu mmoja tu, aliyeandikishwa Gold Coast, na kabila lake limeandikwa. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho bibi alikisema tangu tukiwa watoto: baba yake alikuwa akimsalimu mama yake "sannu" kila asubuhi. Hicho ni Kihausa, lugha ambayo askari wa Afrika Magharibi walielewana nayo kambini. Mchagga gani anaamka anasema sannu? Ushahidi ulikuwa mdomoni mwa bibi yangu mwenyewe, nikaenda kumlipa mtu baki.

Kwa hiyo namba kwanza. Jina baadaye, mji usiuguse kabisa mpaka umepata namba.

Umeuliza historia ya batalioni yenyewe. Wakati ule Gold Coast Regiment kwa vitendo ilikuwa batalioni moja ya askari wa miguu, pamoja na mizinga midogo ya mlimani iliyofunguliwa vipandevipande ikabebwa vichwani. Agosti 1914 walikuwa tayari Togo, na askari wao Alhaji Grunshi (umeona hiyo Grunshi?) ndiye anayehesabiwa kufyatua risasi ya kwanza ya jeshi la Uingereza la nchi kavu katika vita ile. Wakaenda Kamerun. Julai 1916 wakapanda meli Sekondi, wakazunguka kusini yote ya Afrika, wakashuka Kilindini. Septemba walikuwa Uluguru, ambako kapteni wao Butler, aliyekwisha kupata nishani ya Victoria Cross kule Kamerun, aliuawa Matombo. Desemba wakawa Kibata, kwenye milima ya Matumbi, wakashikilia kilima kimoja chini ya makombora, na walikufa wengi. Halafu Narungombe, tarehe 19 Julai 1917, wakiwa bega kwa bega na Keya (King's African Rifles, askari wa Mwingereza wa Afrika Mashariki). Jina Narungombe liliingizwa kwenye heshima za kikosi chao, kijiji cha huku kwetu Lindi, na watu wa Lindi wenyewe wengi hawajui.

Mila zao ni nyingi: kofia nyekundu ya tarbushi, kizibao cha gwaride, beji yenye mti. Jeshi la Ghana la leo limetokana nao, na kila Januari wanaadhimisha Myohaung, ushindi wao wa Burma (Myanmar ya leo) wa 1945. Ukitaka hayo anzisha uzi mwingine nitakuja.

Sasa hivi rudi kwenye ile orodha. Usiangalie jina. Angalia tarakimu zilizo kando yake, zinakili zote, na tarehe ya kifo, uziweke hapa chini. Kama bado yupo mzee nyumbani, muulize leo hii marehemu alisalimuje, alikula nini, aliapa kwa kitu gani, na umrekodi kwenye simu. Mimi niko macho mpaka saa sita usiku, nasubiri namba.