Maswali ya Wasomaji: Leza na Ngozi Nyeusi

Saluni moja hapa Mafinga imeniambia kwamba leza itanimalizia vipele vya ndevu. Je, nikubali?

Leza inaweza kukusaidia sana, kijana wangu, ila kabla ya kukubali uliza ni mashine ya aina gani. Vipele vyako hutokea kwa sababu unywele wa kipilipili uliokatwa chini sana hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na leza huutibu kwa kupeleka mwanga unaonaswa na rangi nyeusi ya unywele, ukageuka joto linalochoma shina. Tatizo ni kwamba rangi hiyo hiyo imo pia katika ngozi yako. Gusa shati jeusi na jeupe yaliyoanikwa kwenye kamba moja saa sita mchana, utaona lipi limenasa joto zaidi.

Kwa ngozi nyeusi leza iliyo salama zaidi ni ya Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 1064, ambayo hupenya chini bila kunaswa sana na rangi ya juu. Ile ya alexandrite, ya nanomita 755, pamoja na mashine za mwanga mchanganyiko ambazo watu huziita leza ingawa si leza, zinaweza kukuachia malengelenge na mabaka. Mhudumu asiyejua wimbi la mashine yake, muage kwa heshima. Anayejua atakujaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya, akuvishe miwani, kisha akupe muda aone ngozi imepokeaje. Kila pigo huuma kama mpira wa kufungia noti unapokuchapa, na harufu ya unywele ulioungua utaisikia. Mara nyingi huhitajika vikao sita hadi nane, vikiachana wiki nne hadi sita, na katika kipindi hicho usinyofoe ndevu, kwani leza huhitaji kulikuta shina mahali pake.

Shikamoo. Nina madoa ya kahawia mashavuni tangu ujauzito wa pili, na mkorogo umeyazidisha. Leza itayaondoa? Niko Njombe.

Marahaba, mama. Mimi nisingeanza na leza. Madoa hayo, yaitwayo melasma, huamshwa na homoni, jua na hata joto, hivyo leza huweza kuyafifisha kwa miezi michache na baadaye yakarudi meusi zaidi. Wengi wa Njombe hudhani kwamba palipo na baridi jua halina madhara, ilhali kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi inayounguza ngozi kwa takribani asilimia 10. Vaa kofia pana uendapo kwenye viazi, na upake kila asubuhi mafuta ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi.

Mkorogo nao ni habari nyingine. Baadhi yake huwa na zebaki, mwingine steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, zinazokondesha ngozi, na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ikitumiwa miaka mingi bila daktari huweza kuleta weusi wa bluu ambao ni mgumu kuutoa. Mpelekee daktari wa ngozi hilo kopo ulilokuwa ukitumia, hata kama limebaki tupu, kwa kuwa steroidi zikiachwa ghafla uso huweza kuwaka na kutoka vipele.

Binti yangu alitobolewa masikio hapa Tukuyu, sasa ana uvimbe mgumu kama kunde. Uchomwe kwa leza?

Hapana, si kwa leza peke yake. Hilo huenda ni keloidi, yaani kovu linaloota kupita kiasi, na kuichoma au kuikata bila tiba nyingine mara nyingi hurudisha kubwa kuliko ya kwanza. Kwa kawaida huanzwa na sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, zikirudiwa baada ya wiki kadhaa, na leza huongezwa baadaye ikibidi.

Je, tatuu hufutika kabisa?

Wino mweusi hutoka kwa urahisi kuliko wa kijani au wa njano, lakini kwa vikao vingi, na wakati mwingine kivuli hubaki. Kama katika ukoo wenu kuna keloidi, mwambie daktari kabla hajawasha mashine.